"Imekataa" na "inasuasua": kisa cha boksi la TV Iyunga

"Mwanangu, kile king'amuzi cha intaneti kimekataa tena."

Ndivyo kisa hiki kilivyonifikia, Jumatatu moja ya katikati ya Juni, kipindi ambacho baridi ya Mbeya humfanya fundi apashe vidole kwenye kikombe cha chai kabla ya kushika bisibisi. Aliyepiga simu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayeishi Iyunga, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma aliyoijenga kidogo kidogo akiwa bado kazini. Anachokiita king'amuzi ni boksi la Android, kile kidude cheusi kinachounganishwa na TV kwa waya wa HDMI na kuleta video za intaneti.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kabla yangu walishapita mafundi wawili, na wote walilipwa. Wa kwanza alibadilisha setingi za boksi. Wa pili alimuuzia Mwalimu kirefusha Wi-Fi, kile cha kuchomeka kwenye soketi ya ukutani. Kampuni ya intaneti nayo ilipigiwa mara tatu, ikajibu kwamba laini iko sawa. Na laini ilikuwa sawa kweli. Kila aliyepita alisema ukweli kuhusu kipande chake, lakini Mwalimu alibaki jioni baada ya jioni mbele ya TV isiyoonyesha kitu, akijiuliza kama ni yeye anayekosea kubonyeza rimoti. Hilo la mwisho liliniuma. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi asifikishwe mahali pa kujiona mjinga kwa sababu ya setingi aliyoigusa mtu mwingine.

Nyumba yenyewe imekaa hivi. Faiba inaingia kupitia dirisha la chumba cha nyuma, ruta imefungwa ukutani koridoni, na sebule iko mbele. Kati ya ruta na TV kuna kuta mbili. Kifurushi ni cha Mbps 20, yaani kasi ya megabiti 20 kwa sekunde. Boksi lina Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz peke yake, kama yalivyo maboksi mengi ya bei ya chini, na kwenye skrini lilionyesha vipau vitatu kati ya vinne. Wanaoishi hapo ni Mwalimu na binti anayemsaidia kazi. Mjukuu wake yuko chuo, analala hosteli, ila baadhi ya siku huja kula na kulala kwa bibi yake.

Nilianza na nje, kwa sababu ndiko rahisi kumaliza. Taa ya PON kwenye kifaa cha faiba, ile inayoonyesha kwamba faiba inawasiliana, ilikuwa ya kijani, imetulia. Ile ya LOS haikuwaka, na ingewaka nyekundu basi mwanga wa faiba ungekuwa haufiki. Nikapima kasi kwa simu yangu nikiwa sebuleni, pembeni ya TV: Mbps 17. Video ya 1080p huhitaji kama Mbps 5. Zaidi ya hapo, tatizo la nje huwa halichagui nyumba. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, malalamiko yalitoka kila kona, na wala sikuhitaji kwenda kwa mtu kupima. Hapa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye laini ya kampuni ileile, hakuwa na shida yoyote.

Nikaangalia saa ya boksi. Maboksi haya mengi hayana betri ya kutunza saa, kwa hiyo umeme ukikatika huamka na tarehe ya zamani, na tarehe ikiwa ya zamani tovuti zenye ulinzi hukataliwa, maana hati zake za usalama huonekana kama bado hazijaanza kutumika. Saa ilikuwa sahihi. Nikaendelea.

Kilichonishinda siku hiyo ni kwamba boksi lilifanya kazi. Nilikaa nalo saa nzima, nikafungua video tatu, hakuna iliyokwama. Nikafanya kosa ambalo nimeona mafundi wengi tukilifanya: kwa kuwa sikuona ugonjwa, nikauchagulia jina. Nikasema ni kuta. Nikaisogeza ruta mita mbili kuelekea sebuleni, vipau vikawa vinne, nikataka kuondoka. Jambo moja tu la maana nililolifanya kabla ya kutoka ni kumwomba Mwalimu anitunzie daftari. Kila boksi likisumbua, aandike siku, saa, na kilichotokea.

Baada ya siku kama kumi nikarudi. Daftari lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimekaa juu ya mstari. Nanukuu kama lilivyokuwa:

Jumatano, saa 1:20 usiku. Imekataa. Inasema hakuna intaneti.
Ijumaa, saa 2:00 usiku. Imekataa. Baada ya dakika kama tano imekubali, kisha imekataa.
Jumamosi, saa 1:00 usiku. Imekataa.
Jumapili, saa 10:00 jioni. Inasuasua. Picha ina ukungu.
Jumapili, saa 1:30 usiku. Imekataa.
Jumatano, saa 1:15 usiku. Imekataa.

Nilisoma orodha ile harakaharaka, nikaona siku tu. Jumatatu, Jumanne na Alhamisi hazimo kabisa. Kuta za tofali hazina ratiba. Kama ni ukuta, ungezuia Jumanne kama unavyozuia Ijumaa.

"Shikamoo Mwalimu, naomba kuuliza. Jumatano na mwisho wa wiki kuna nini hapa nyumbani ambacho siku nyingine hakipo?"

"Marahaba. Hakuna kitu, mwanangu. Labda huyu mjukuu wangu, ndio siku zake za kuja."

Kijana mwenyewe alikuwepo, maana ilikuwa Ijumaa. Nilipomuuliza kama Wi-Fi ya bibi inamsumbua alisema hapana, simu yake iko sawa. Kisha akaongeza, kama mtu anayesema jambo lisilohusiana: "Ila bando langu siku hizi linaisha haraka sana, sijui kwa nini."

Pale ndipo kisa kilipogeuka. Simu nyingi za Android zikiona Wi-Fi imeunganishwa lakini haina intaneti, hurudi kimyakimya kwenye data za laini. Mwenye simu haoni kitu. Anaona video inacheza, na alama ya Wi-Fi iko juu. Anachokuja kukiona ni bando limekwisha. Kwa hiyo simu ya kijana ilikuwa inapoteza intaneti ya nyumbani saa zilezile ambazo boksi linaipoteza. Vitu viwili vinaumwa pamoja na kupona kwa zamu. Hiyo ni dalili ninayoifahamu.

Nikafungua setingi za mtandao kwenye boksi. Mahali pa anwani ya IP palikuwa pamewekwa kwa mkono: 192.168.1.5. Ruta yenyewe ni 192.168.1.1, na ukurasa wake wa ndani ulionyesha kwamba inagawa anwani kuanzia .2 hadi .254. Namba tano iko katikati ya fungu la kugawa.

Kwa asiyefahamu: kila kifaa ndani ya nyumba lazima kiwe na anwani yake peke yake, kama vile S.L.P. pale posta. Kwa kawaida ruta ndiyo karani. Simu ikiingia, inaomba, ruta inaangalia daftari lake na kuipa namba iliyo wazi. Utaratibu huo ndio DHCP. Lakini boksi hili halikuwa linaomba. Lilikuwa limeambiwa na fundi "wewe ni namba tano", na kila likiwashwa linakaa hapo bila kumwambia karani. Mwalimu huzima boksi ukutani mchana kutwa, anaogopa radi na anaogopa bili. Mjukuu akiingia saa kumi na mbili jioni, ruta inatazama, inaona namba tano haina mtu, inampa. Saa moja Mwalimu anawasha TV kwa ajili ya taarifa ya habari, boksi linaketi kwenye kiti ambacho kimeshakaliwa. Kuanzia hapo, data za wote wawili zinafika kwenye sanduku moja. Ruta humpelekea aliyejitangaza mwisho. Dakika tano simu inapata na boksi linakosa, kisha kinyume chake. "Imekubali, kisha imekataa," kama Mwalimu alivyoandika.

Nilitaka uhakika, si hadithi nzuri. Nikawasha kompyuta yangu, nikazima boksi kabisa, nikachomoa hadi waya wa umeme. Kisha nikaipingi 192.168.1.5. Kupingi ni kama kupiga hodi: unaituma kompyuta igonge kwenye anwani na kusubiri sauti ya ndani. Kama anwani ile ni ya boksi peke yake, na boksi limelala bila umeme, haipaswi kuitika.

Ikaitika.

Nikamwonyesha Mwalimu. Akatazama boksi lililozimwa, akatazama majibu yanayoshuka kwenye skrini, akasema taratibu, "Kwa hiyo kuna mtu anaitika jina lisilo lake." Nikamwomba kijana azime Wi-Fi ya simu. Majibu yakakoma palepale. Akaiwasha, yakarudi. Tulirudia mara tatu, na mara ya tatu Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeshika simu.

Swali lililobaki ni kwa nini fundi wa kwanza aliweka namba ile kwa mkono, na hapa sitaki mtu amcheke, kwa sababu mtego wenyewe umo ndani ya Android. Alitaka kubadilisha DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, aweke 8.8.8.8 ya Google, kwa kuwa alihisi majina ya tovuti hayatafutwi vizuri. Si wazo baya. Lakini kwenye setingi za Wi-Fi za maboksi haya huwezi kugusa DNS mpaka kwanza utoke kwenye DHCP na kuchagua anwani ya kudumu. Ukichagua hivyo, boksi linakuomba ujaze na IP. Ukijaza yoyote na intaneti ikafunguka, unaona umefaulu. Siku hiyo namba tano ilikuwa wazi, mjukuu hakuwepo, kila kitu kikafunguka. Kosa lilisubiri mpaka kijana alipokuja.

Kurekebisha kulichukua dakika mbili: nikarudisha boksi kwenye DHCP. Kisha nikaingia kwenye ruta, nikalitengea boksi anwani yake kwa kutumia namba yake ya MAC, ile inayokitambulisha kifaa chenyewe, ili karani mwenyewe awe anajua kwamba hiyo ina mwenyewe. DNS, kama mtu anaitaka nyingine, ibadilishwe kwenye ruta, iwafae wote. Nikaenda zangu nikiamini kazi imekwisha.

Jumapili jioni simu ikaita.

"Mwanangu, Ijumaa na Jumamosi imeonyesha vizuri, nashukuru. Leo inasuasua."

Kusema kweli nilikuwa tayari kujibu kwamba nitapitia wiki ijayo. Kilichonizuia ni lile neno. Nikakumbuka daftari. Mwalimu wa Kiswahili hachanganyi vitenzi. Sehemu zote alikuwa ameandika "imekataa", na mara moja tu, Jumapili saa kumi jioni, "inasuasua, picha ina ukungu". Mimi nilikuwa nimezihesabu zote kama tatizo moja kwa sababu Jumapili nayo ni siku ya mjukuu. Orodha moja, magonjwa mawili, na la pili lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza. Anwani zikigongana, intaneti hukatika kama kisu, inakuwepo au haipo. Picha kuingia ukungu ni kitu kingine: njia ipo, ila nyembamba, na programu inapunguza ubora wa picha ili isisimame kabisa.

Nilikwenda jioni ileile. Ukitoka Mwanjelwa mpaka Iyunga Jumapili si mbali, na nilitaka kuikuta ikiwa katika hali hiyo.

Nilipoingia sebuleni nikaona kitu ambacho sikukiona siku zile nyingine: eksteno, yaani diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, imelazwa juu ya boksi kama kitabu juu ya kitabu, taa yake ya bluu inapepesa. Mwalimu ana rekodi za kwaya na za mahafali ya shule alizofundisha, na Jumapili baada ya ibada huzitazama. Akimaliza, huiacha eksteno mahali pale na kufungua video za intaneti. Siku nyingine eksteno hukaa kabatini.

Waya wake ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la USB lenye ulimi wa bluu. Hilo ni USB 3.0. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilitoa waraka ulioeleza kwamba vifaa vya USB 3.0 na nyaya zake, vikiwa kazini, huvujisha kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaani palepale Wi-Fi ya boksi hili inaposikiliza. Kelele hiyo haifiki mbali. Lakini eksteno iliyolala juu ya boksi iko sentimita chache kutoka kwenye antena, na antena ya maboksi haya imo humo humo ndani. Ni kama kusikiliza redio ndogo pembeni ya mashine ya kusaga inayounguruma. Redio haijaharibika, na kituo kinarusha. Wewe tu ndiye usiyesikia.

Ndiyo maana vipau havikusema kitu. Vipau hupima nguvu ya sauti ya ruta ilipolifikia boksi. Havipimi kelele iliyopo pembeni. Na siku niliyopima kasi kwa simu yangu, eksteno ilikuwa kabatini, ndiyo maana nikapata kasi nzuri kabisa.

Nikarudia mtindo uleule wa kuhakikisha. Kompyuta ikalipingi boksi mara mia moja eksteno ikiwa imechomekwa, na boksi likiwa linaipekua kutafuta video. Majibu mengi yalichelewa, na zaidi ya ishirini hayakurudi kabisa. Nikachomoa eksteno. Mia moja nyingine: yote yakarudi, upesi. Nikaichomeka kwenye tundu la pili, lile jeusi, ambalo ni USB 2.0: yote yakarudi tena. USB 2.0 inasafirisha hadi Mbps 480, ambazo ni nyingi mno kwa video ya kwaya, na haivujishi kelele ile kwenye 2.4 GHz. Mwalimu asingeona tofauti yoyote ya picha, na hakuiona.

Ningeweza kuishia hapo. Tundu jeusi lilitosha. Lakini kwa maoni yangu kitu kisichohama nyumbani hakina sababu ya kutegemea hewa, na TV ya sebuleni haihami. Nilimweleza Mwalimu gharama ya waya wa LAN, ule wa kuunganisha boksi na ruta moja kwa moja, mita kumi na tano, nikamwambia pia kwamba si lazima. Akauliza swali moja: "Huo waya nao una ratiba?" Nikamwambia hauna. Akasema tuupitishe. Jumanne nikapanda darini na kijana ananishikia tochi, tukaushusha nyuma ya kabati la TV. Tundu la LAN la boksi ni la Mbps 100 tu, na linatosha mara tano ya kifurushi chake.

Jambo moja kwa atakayefuata njia hii: boksi likihama kutoka Wi-Fi kwenda kwenye waya hutumia namba nyingine ya MAC, kwa hiyo anwani niliyokuwa nimeitenga kwenye ruta ilibidi niiandike upya. Nilikaribia kulisahau. Nimebandika karatasi nyuma ya boksi yenye anwani mpya na tarehe, ili fundi mwingine akija asianze kubuni.

Kirefusha Wi-Fi hakikuhitajika tangu mwanzo. Nilijaribu kumsaidia Mwalimu kukirudisha dukani, ikashindikana, na sasa kiko chumbani kwa mjukuu, upande wa nyuma kabisa ambako Wi-Fi ilikuwa hafifu kidogo.

Wiki iliyofuata nilimtafuta fundi wa kwanza. Ana kibanda si mbali na changu, na ni kijana mwenye bidii. Nilimweleza habari ya DNS na anwani ya mkono, hatua kwa hatua, nikamwonyesha kwenye boksi lililokuwa mezani kwake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema amefanya hivyo kwenye nyumba nyingine pia, akidhani anawasaidia. Tukakaa tukaandika zile anazozikumbuka. Mpaka naandika haya tumeshafika kwenye nne. Mbili kati yake boksi lilikuwa limeketi ndani ya fungu la ruta, halijagongana na mtu bado. Tumeyarudisha yote kwenye DHCP bila kumtoza mtu, na kesho jioni tunakwenda Uyole kwenye ya tano.